Rangi Yenu Imenifukuzia Mke

Buswelu, Mwanza

Ndugu Meneja wa Kiwanda cha Rangi,

Pole na kazi. Mimi ni Seif Mabruki, mshona suti, mtu mtulivu ambaye hajawahi kugombana na kiwanda chochote. Nakuandikia kwa masikitiko makubwa, kwa sababu rangi yenu ya mafuta imenifukuzia mke.

Mke wangu Fadhila alikwenda harusini Bujora pamoja na mjukuu wetu Shamsa, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Nikaona nikipake rangi chumba chetu, akirudi ashangae. Fundi sikumwita. Mtu anayeweza kumkatia koti bwana harusi mwenye kitambi atashindwaje na ukuta, ambao hata makwapa hauna? Yaliyonipata ni haya:

1. Ukuta ulikuwa na rangi kuukuu ya mwenye nyumba aliyetutangulia. Niliikwangua kwa msasa ikiwa kavu, vumbi likajaa kitandani, dirishani na kwenye ndevu zangu. Kopo linasema ukuta ulowanishwe kwanza na watoto wakae mbali, lakini mmeyaandika hayo kwa herufi ndogo za mtu anayeona haya. Nilidhani ni majina ya wakurugenzi.

2. Kopo linasema pia madirisha yaachwe wazi. Je, hamjui kwamba wadudu wa ziwani wakitanda hunata kwenye chochote kibichi? Nikafunga kila dirisha na kuziba chini ya mlango kwa kanga. Baada ya muda kichwa kikawa chepesi, nikapata furaha nisiyojua imetoka wapi. Jirani yangu Odoyo, aliyeifuata harufu, anasema alinikuta nimeuzungushia mlango futi yangu ya kupimia nguo, nikiuuliza, "Mzee, kiunoni tuache nafasi kidogo?"

3. Odoyo ndiye aliyenivuta nje. Angechelewa, barua hii isingeandikwa, kwani nilikuwa nimekwisha kuwasha jiko la mkaa barazani ili niliingize chumbani, kando ya dumu la tapentaini ya kuyeyushia rangi, ukuta ukauke upesi. "Wewe Seif, unapaka chumba au unakichoma?" alifoka, akalimwagia jiko maji. Nilimjibu apange foleni, mlango umemtangulia.

4. Fadhila akarudi. Kabla sijamwonyesha ukuta, Shamsa alikuwa keshapangusa vumbi la dirishani kwa kiganja na kukitia mdomoni. Fadhila alimnyakua wakaenda hospitali, nami nyuma yao, rangi masikioni. Daktari akasema baadhi ya rangi za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake huweza kumdhuru mtoto ubongo. Nikamhakikishia kuwa kwetu hakuna bunduki. Hakuna aliyecheka. Hata mimi, Ndugu Meneja, niliacha mzaha nilipomwona Shamsa akitolewa damu ya kipimo, akinitazama mimi nimwokoe.

Majibu yalikuja: mtoto ni mzima. Lakini Fadhila yuko kwa dada yake, Ilemela. Amesema, "Sikanyagi mle mpaka harufu iishe na wewe upate akili." Harufu inapungua.

Kwa hiyo naomba maonyo yaandikwe kwa herufi kubwa, kwa sauti ya mama mkwe. Pia kopo lisiuzwe kwa mwanamume aliyekuja dukani peke yake. Na zaidi ya yote, mtume afisa Ilemela, aliyevaa suti ya heshima (naweza kumshonea), akamweleze Fadhila kwamba kosa ni la rangi.

Nawasalimu wachanganyaji, wafunga makopo, hata yule mwenye herufi ndogo. Odoyo naye anawasalimu. Jiko langu amekataa kulirudisha.

Wako ambaye kichwa bado kinapoa,

Seif Mabruki

N.B. Nimegeuza kopo ninakili anwani yenu kwenye bahasha, nikakuta si lenu. Ni la kiwanda kingine kabisa. Lenu ni lile la sebuleni, alilopaka Fadhila mwenyewe mwaka jana: aliyasoma maandishi yote, akalowanisha ukuta, akafungua madirisha, akampeleka mtoto kwa jirani. Sebule haijawahi kutusumbua. Afisa naomba msimtume tena. Akifika Ilemela atakuwa upande wa Fadhila.