Vichwa vya Habari kwa Shangazi

Jumatatu, 3 Machi
Ukurasa wa chuo uko hewani kwenye mtandao! Kazi ya mikono yangu. Maandishi makubwa, mekundu, yanawaka. Miwani, mwenzangu wa ofisini, akauliza kama nimeujaribu kwa kibodi peke yake. Wivu tu. Nikamwambia asiye na kipanya akanunue.

Jumanne, 4 Machi
Shangazi kapiga simu. Haoni tangu ujana. Kompyuta humsomea kwa sauti, naye huiendesha kwa vitufe vya kibodi, bila kipanya. Anataka kujiandikisha kwa kozi ya ualimu hapa chuoni. Mwisho Alhamisi! Kumbe huruka kutoka kichwa cha habari hadi kingine ili ajue yuko wapi, na kwangu hakukuta hata kimoja. Yale mekundu, kwa mashine, ni maandishi ya kawaida. Nikajitolea kumjazia fomu. Akasema vidole anavyo, asante. Iliniuma. Huyu ndiye aliyenilea.

Jumatano, 5 Machi
Wazo! Vichwa anavitaka? Nimevimwaga. Kila mstari nimeuwekea alama ya kichwa cha habari, hata namba ya simu. Miwani akaguna. Nikamwacha na mguno wake. Jioni Shangazi akasema amesikiliza vichwa mpaka chai imepoa, fomu hajaifikia. Nyumba yenye milango tu, alisema, mtu atakaa wapi?

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi nimeweka kiungo juu kabisa: "Ruka hadi kwenye fomu." Shangazi akabonyeza, akatua kwenye picha yangu. Kompyuta ikamsomea: "Mbunifu wa ukurasa, ndani ya suti." Aibu gani hii! Na kozi inampita kwa sababu yangu.

Nikajikaza, nikamwendea Miwani. Hakunisimanga, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alifuta vichwa vyangu, akabakiza vichache vyenye mpangilio: kikuu, na vidogo chini yake. Kiungo akakielekeza kwenye fomu. "Tuma" yangu, mwisho wa fomu, ilikuwa mchoro tu. Akaifanya kitufe cha kweli. Kabla ofisi haijafungwa Shangazi akapiga. Amejiandikisha, mwenyewe! Alicheka kama msichana. Nikatokwa na machozi, nikasingizia vumbi.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu wa chuo kausifu ukurasa. Nikapokea sifa zote kwa unyenyekevu. Miwani aliniomba kitu kimoja tu: kila ukurasa niujaribu kwa kibodi kwanza. Nikaapa. Mchana kutwa nimemwandalia Shangazi ukurasa wa pongezi. Jina lake la dhahabu, ndani ya picha. Maua yanakimbia huku na huko. Akilibofya moja kwa kipanya, linafunguka. Nimeshamtumia. Ngoja auone!