Mheshimiwa Anakohoa kwa Niaba Yetu

Kabla hakujapambazuka, mfuniko wa sufuria uligongagonga rafuni. Ni mjukuu wangu Nestory, mchimbaji, alikuwa anakohoa chumba cha pili, na rafu yetu ni ya mbao nyepesi. Ilikuwa wiki ya tano. Siku hiyohiyo, saa nne asubuhi, kata yetu ilitangaza rasmi kwamba haina kifua kikuu.

Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti na Mtendaji wetu wa Kata, Mheshimiwa Felician. Mimi nilikaa mbele, maana ni mjumbe wa Kamati ya Kutokomeza Kikohozi, nawakilisha wazee. Mheshimiwa alinipisha kiti chake chenye mto. Hilo silisahau. Wakubwa wengi hawaoni magoti ya mtu.

"Kikohozi kilichobaki," alisema, "si ugonjwa. Kwa wachimbaji ni vumbi la karasha zinazosaga mawe. Kwa watumishi ni vumbi la mafaili."

Akakohoa vumbi la mafaili kwa muda, tukamsubiri.

Ijumaa mkoa ulikuwa unakuja na kombe la kata isiyo na mgonjwa. Mlangoni mwa ofisi pakabandikwa karatasi: MWENYE KUKOHOA AHUDUMIWE DIRISHANI.

Shida ilikuwa Nesi Mektilda wa zahanati. Alileta vikopo kumi na viwili, ili wachimbaji kumi na wawili waliokohoa zaidi ya wiki mbili watoe makohozi yapelekwe maabara wilayani. Jina la Nestory lilikuwa la saba.

Kamati ikaketi kwa dharura.

"Vikienda na makohozi yao, kombe tumelikosa," alisema Onesmo, mwenye karasha.

"Na visipokwenda?" aliuliza Mheshimiwa.

"Nesi atauliza. Yule binti anauliza sana."

Mheshimiwa akafikiri. "Nani anasaini kwa niaba ya wananchi?"

"Wewe, Mheshimiwa."

"Wageni wakija, nani anakula kuku kwa niaba ya wananchi?"

"Wewe."

"Basi hata hili nitawawakilisha. Kifua changu kizima, kifua cha serikali."

Tukaenda nyuma ya ofisi. Mimi nilishika sinia na kuandika majina, kwa mwandiko wangu wa elimu ya watu wazima. Mheshimiwa alikohoa kwa moyo. Mkanda wake ulikuwa umetobolewa tundu jipya la kuukaza, kwa sababu ya majukumu.

"Kingine, Bibi."

Nilipoandika NESTORY nilisahau herufi mbili. Nadhani ni uzee.

"Mheshimiwa, huyu wa saba asikohoe mwenyewe? Usiku halali, jamani."

"Bibi, unamtakia mjukuu wako ugonjwa?"

Nikamsogezea kikopo. Lilikuwa swali la kitaalamu.

Alijaza vyote kumi na viwili bila kupumzika.

Alhamisi Mektilda alifika ofisini na majibu mkononi. Aliwaita wachimbaji wote ndani, maana dirisha lisingewatosha.

"Poleni, kaka zangu," alisema kwa upole. "Wote kumi na wawili mna TB."

"Mimi?" Nasibu, mmoja wa wachimbaji, aliruka. "Sijatema hata tone!"

"Mimi hicho kikopo sijakiona!" mwingine alidakia.

Mektilda akatazama karatasi, akatazama watu. "Sasa haya makohozi ni ya nani?"

Mheshimiwa alikuwa anakagua dari. "Nesi, sayansi isipingwe," alisema. "Waanze dawa."

Nikaona si haki juhudi ya kiongozi ipotee bila sifa. Nikasimama, na magoti yangu haya.

"Ni yake yote, mwanangu. Sinia nilishika mimi. Alijituma sana."

Watu wote wakamgeukia Mheshimiwa. Kisha Nasibu akapiga makofi, akainama mpaka chini.

"Wabeja sana, asante sana, Mheshimiwa! Umetuugulia wote!"

Walicheka mpaka wengine wakakohoa. Mektilda hakucheka. Alimpa Mheshimiwa barakoa, akamshika mkono, akamwambia ugonjwa huu unapona. Halafu akagawa vikopo vipya, kila mtu akakohoe cha kwake.

Watatu walikutwa nao. Nestory ni mmoja. Yuko mwezi wa pili wa vidonge, na mfuniko wa sufuria umenyamaza. Naamka saa ileile kwa mazoea, kuusikiliza tu.

Kombe lilikwenda kata nyingine. Kamati yetu imeendelea kutii maagizo yake yenyewe ya dirishani, kwa hiyo hakuna mjumbe anayemsogelea Mheshimiwa. Onesmo humsalimu kwa simu. Nesi alipotafuta mtu wa kumwona akimeza dawa kila asubuhi, nilisema mimi tayari nina uzoefu wa kumshikia sinia.

Jana nilimkuta amekaa ndani, dirishani kwake. Nje, chini ya dirisha, alikuwa ameniwekea kile kiti chenye mto.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Meza."

Akameza vitatu, kimoja kimoja, akafungua kinywa nikakagua. Nikampitishia uji wa mtama dirishani. Aliunywa polepole, kama mtu asiyetaka uishe.

"Nestory hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

Akatazama barabarani, ambako watu walipita bila kugeuza shingo. Nikachukua kikombe changu, nikainuka.

"Bibi, kesho utakuja?"

"Kesho ni Jumapili, nina misa."

"Basi baada ya misa," alisema, ameshika nondo za dirisha. "Hata jua likiwa limepanda. Wewe njoo tu, Bibi. Kiti sitakiondoa."