Majoho Ishirini na Mawili na Mashine Iliyogoma

Jumatano, 10 Desemba 2025

Leo nimempiku Stella. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kubwa.

Stella ni jirani yetu hapa Rau. Mwaka wa sita huu anafua majoho ya kwaya kwa mikono, na kila Jumapili watu wanamsifia utadhani yeye ndiye aliyeimba. Jumapili hii askofu anakuja parokiani. Basi nimemfuata Mzee Primus, mwalimu wa kwaya, nikampa shikamoo, nikamweleza kwamba mashine ya kufulia aliyotuletea binti yetu Violet inamaliza majoho yote mchana mmoja. Inafua, inasuuza, inakamua. Na kwa mawingu haya, nguo nzito isiyokamuliwa inakaa kambani siku tatu.

Mzee Primus akafikiri, akakubali. Akauliza kama Stella anajua. Nikasema atajua.

Alhamisi, 11 Desemba

Majoho yamefika. Ishirini na mawili, mekundu, kola nyeupe. Nimeyaingiza yote kwa mkupuo. La mwisho nimelisukuma kwa goti.

Saa tisa alasiri mashine imenyamaza. Maji yamejaa hadi nusu ya kioo cha mlango na hayatoki. Mlango nao umejifunga. Inanguruma kidogo, kama mtu anayetaka kusema jambo, halafu inaacha.

Nimeizima, nikaiwasha. Nimeipiga kofi ubavuni. Mwishowe nikagundua kasoro: bomba la kutolea maji linalala chini, maji yanakosa nguvu. Nimelipandisha na kulifunga kwenye boriti ya dari ili yapate mteremko. Bado hayajatoka. Nadhani yanahitaji muda wa kuzoea.

Mke wangu Salvina amechungulia kioo, akasema maji yamekuwa mekundu. Nikamwambia huo ni uchafu.

"Baba Violet, hiyo ni rangi ya majoho," akasema. "Na kola je?"

Kola sikuwa nimezifikiria.

Ijumaa, 12 Desemba

Asubuhi nimekaa mbele ya kioo nikitazama majoho yalivyolala. Nimewaza askofu akiikuta kwaya nzima imevaa nguo za nyumbani, na jina linalotajwa kanisani ni langu.

Mpango mpya: nimeinyanyua mashine nyuma kwa jeki ya gari ili maji yamwagikie mbele. Mbele kuna mlango uliofungwa.

Salvina hakuniuliza. Amemwita Stella.

Amekuja na mikono bado ina povu. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Ameitazama mashine, akasema taratibu, "Mzee Primus alinipigia juzi. Nikakaa jikoni nikalia kidogo, halafu nikaendelea na nguo za watu."

Nimejisikia mdogo sana. Imechukua kama dakika nzima kupita.

Kisha Stella akachuchumaa akauliza hiki kifuniko kidogo hapa chini, pembeni, ni cha nini. Mimi nilidhani ni pambo. Nikamjibu kwamba ndipo nilipokuwa naelekea.

Akachomoa waya ukutani. Akanitaka nishushe jeki, na bomba pia, maana pampu ndogo haiwezi kupandisha maji hadi darini. Akafungua kifuniko kwa mpini wa kijiko, akaweka beseni, akalegeza chujio lililokuwa ndani polepole. Maji yakaanza kutoka. Mabeseni kumi na moja. Nilibeba mimi, naomba ieleweke.

Chujio lilipotoka lote, lilikuwa limeziba kwa udongo, nyuzinyuzi na vipande vya maganda. Salvina akalinusa.

"Hili ni gimbi," akasema.

Ikabidi nieleze. Jumanne mama mkwe alituletea magimbi kutoka Uru, yamejaa matope, na mimi nikayaosha kwenye mashine ili kumpunguzia mke wangu kazi. Yalitoka meupe kabisa. Salvina hajazungumza nami tangu wakati huo. Na Stella amezungumza sana.

Tulipowasha tena, maji yalitoka yenyewe. Ila kukamua kulikuwa kishindo: mashine iligonga ukuta, ikatembea hatua mbili kuelekea sebuleni. Niliikumbatia. Stella akasema niizime. Akatoa majoho, akarudisha saba tu, akiyatawanya yasijikusanye upande mmoja. Safari hii ikazunguka vizuri, kwa sauti nzuri, kama ndege inayoruka pale uwanjani KIA. Saba, kisha saba, kisha manane.

Nimeitengeneza mashine.

Jumamosi, 13 Desemba

Mawingu yamepisha na majoho yamekauka. Lakini kola zote ishirini na mbili zimegeuka pinki. Pinki nyepesi, sawasawa, kama iliyopimwa. Stella amejaribu moja kwa ndimu na sabuni, haikubadilika hata kidogo.

Nimependekeza niugue malaria. Salvina amenipa pasi. Tumenyoosha sisi watatu hadi mikono ikauma. Stella amesema kama tunaaibika, basi tuaibike tukiwa tumenyooka.

Jumapili, 14 Desemba

Nimekaa benchi la mwisho, karibu na mlango.

Kwaya ikasimama na kola zake. Maandamano yakaingia, na nyuma kabisa akaja askofu. Amevaa pinki.

Ni Dominika ya Tatu ya Majilio. Siku ya rangi ya waridi. Mimi na Ukatoliki wangu wa miaka hamsini na minne sikukumbuka. Hakuna aliyekumbuka. Askofu akasimama mbele ya kwaya, akazitazama kola, na kwenye mahubiri akasema amezunguka parokia nyingi lakini hajawahi kukutana na kwaya inayoheshimu kalenda ya Kanisa hadi kwenye kola. Vigelegele. Mzee Primus akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, huku macho yamemtoka.

Baada ya misa Mzee Primus akaniuliza mbele ya watu wote, wazo lile lilikuwa la nani. Nikasema ni langu.

Stella alikuwa amesimama pale pale. Akaziba mdomo kwa kitenge, mabega yakamtikisika.

Aliyesema ni Salvina. Alisema kwa sauti kwamba kazi ya majoho inarudi kwa Stella, kwamba atafulia kwenye mashine yetu wakati wowote anaotaka, na kwamba ufunguo wa jikoni iliko mashine ameshampa. Mzee Primus akasema ni jambo jema. Stella akaufungia ufunguo kwenye pindo la kitenge, akamshika Salvina mkono, wakasimama hivyo kitambo.

Nikasema hilo nalo lilikuwa wazo langu.

Jumatatu, 15 Desemba

Sifa zimetembea. Saa nne pikapu imeleta friji kutoka nyumba ya mapadri. Haligandishi. Baba Paroko amesema ameambiwa mimi ndiye mtu wa mashine.

Salvina ameniuliza mimi najua nini kuhusu friji. Nimemjibu kwamba friji ni mashine ya kufulia isiyo na maji.

Nimelizunguka mara mbili kutafuta kifuniko cha chini. Halina. Nimeazima drili, nitalitoboa.