Bata Ndani ya Kengele

Jumatatu, 3 Machi
Habari kubwa! Mkuu wa kitengo anastaafu. Nafasi yake ni yangu au ya Bwana Rula, jirani yangu wa meza, mtu anayekata hata mkate kwa kupima. Mama Mkurugenzi atakagua kazi zetu Alhamisi. Yangu ni programu inayoliza kengele za shule. Haina kasoro, ila mistari yake inachosha macho. Dawa ninayo: kifaa nilichojitengenezea. Ukikilisha programu, kinaipanga upya mistari yake ichore picha. Rula na apime hiyo!

Jumanne, 4 Machi
Nimechagua bata. Marehemu mke wangu alikuwa akikunja vitambaa vya mezani viwe bata, hata tukila wawili tu. Midomo yao ilipinda kushoto. Nami nimeupinda wa kwangu.
Shemeji, dada yake, alileta mboga. Nikamwonyesha. Akasema bata huyo haliwi, niinjike sufuria.

Jumatano, 5 Machi
Rula kachungulia. Kanionya, kwa sauti yake ya mwalimu wa zamu, kwamba lugha yetu ya programu husoma hata nafasi tupu mwanzoni mwa mstari. Ukiusogeza mstari, amri inahama kundi. Wivu mtupu! Nimeipeleka programu shuleni bila kuijaribu, Mama Mkurugenzi aikute ikifanya kazi.

Alhamisi, 6 Machi
Loo! Amri ya kunyamaza ilikuwa mkiani. Mkia ulisogea. Kengele ilianza asubuhi na haikukoma. Watoto walidhani mapumziko, wakatoka. Ikaendelea; wakadhani wanaitwa, wakaingia. Wakatoka tena. Mwalimu mkuu alipiga simu, tukasikia kengele tu.
Mama Mkurugenzi akaniuliza, kwa upole wa kutisha, baba, hiki ni nini? Nikamjibu, bata, Mama.
Rula alinyoosha kila mstari kabla ya chai. Cheo kapewa yeye. Kisha akanipa pole ya dhati. Hiyo ndiyo iliyouma.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu mpya kanihamishia kwenye mwongozo wa watumiaji. Maneno matupu, anasema huko sina cha kuharibu.
Nimetafakari sana. Umbo halikuwa na kosa. Kosa ni bata, ana kona nyingi mno. Mwongozo nimeupanga mviringo, kama gamba la konokono. Msomaji ataanzia nje, atakizungusha kitabu taratibu, na akifika katikati atakuwa ameelewa kila kitu. Nimeshautuma kwa mchapaji. Rula sijamwonyesha. Acha ashtukie uzuri!