Hamamu Yangu na Vitabu Vyenu vya Vuli

Kwa Mhariri, Jarida la Mtaa wa Shimokura

Bi. Orie Sakaki,

Majani ya mginko mbele ya posta yameshageuka manjano, asubuhi zina baridi ya kuuma vidole, na natumaini yale mafua yako ya mwezi uliopita yamekwisha. Salamu hizi mke wangu angeziandika vizuri zaidi, lakini hana nafasi. Na hapo ndipo shida yangu inapoanzia.

Mimi ni Isao Nukaga, mwenye hamamu ya mtaa, ile ya bomba refu la moshi nyuma ya duka la tofu. Unanijua, huja kuoga kwangu kila Jumanne. Ninakuandikia kuhusu ule ukurasa wa mwisho wa jarida lako, "Vitabu Vipya vya Kusoma Vuli Hii". Ulipouanzisha sikupinga. Nilidhani ni wa kujaza nafasi tu, kama ile picha ya paka wa stesheni. Sikujua kwamba watu wangevisoma kweli.

Nisikufiche: vitabu hivyo vimenichukulia mke. Chizuru yupo nyumbani, ana afya, anakula. Lakini hayupo. Nitamfikia. Kwanza niyataje madhara mengine, kwa namba, ili iwe rahisi kwako kuyajibu.

1. Riwaya ya upelelezi. Uliandika kwamba haiachiki mkononi. Hukuandika kwamba maiti wote wanakutwa ndani ya maji ya moto, na kwamba muuaji ni mwenye hamamu, mtu wa makamo, mcheshi, mwenye kitambi. Tangu hapo wateja wangu wananusa maji kabla ya kutumbukiza mguu. Bwana Mizoguchi, seremala, ambaye nilikaa naye dawati moja shuleni, aliniuliza Jumamosi, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa, yale majani ya dawa ninayotia majini huwa nayanunua wapi. Nikamwambia. Akauliza kama nina risiti.

2. Hadithi za mizimu. Upande wa wanawake hakuna tena anayefumba macho akiosha nywele, kwa sababu kitabu kinasema ukifumba tu, mtu anasimama nyuma yako. Wanaziosha macho yakiwa wazi, povu linawaingia, kisha wanakuja kunilaumu kwamba nimebadilisha sabuni. Sijabadilisha sabuni, Bi. Sakaki. Ni ileile mbaya ya siku zote.

3. Historia. Miaka mia nne iliyopita bwana wa ngome yetu aliondoka na jeshi lake usiku wa vita, na mtaa mzima uliishi vizuri bila kujali kwa nini. Sasa Mzee Anzai, fundi wa mikeka, anasema alitoroka. Mzee Tsukuda, mstaafu wa posta, anasema ilikuwa mbinu, alirudi nyuma kwa mpango. Wamegawana dimbwi langu kwa mstari wa ndoo za mbao zinazoelea, na asiye na msimamo anakosa pa kukaa. Jana Mzee Anzai alimwambia mwenzake, "Wewe ni mtu wa posta, Tsukuda. Kwako kila kinachorudi kilipotoka ni mpango." Mzee Tsukuda akanyanyuka, akaenda kukaa kwenye maji baridi. Ana shinikizo la damu yule.

4. Hili linahusu maktaba zaidi kuliko jarida, lakini kwa kuwa maktaba pia ni wewe: kile kitabu cha mapishi ya samaki kimevimba kwa mvuke kama mkate. Nimekilaza juu ya bomba la boila. Kitakauka.

5. Riwaya ya mapenzi. Hapa naomba ukae chini.

Kama ujuavyo, upande wa kulia wa hamamu una dirisha la kutazama mlima, na wa kushoto unatazama ukuta wa duka la tofu. Ili pasiwe na upendeleo, wanaume na wanawake wanabadilishana kila siku. Kinachohamishwa ni mapazia ya mlangoni tu, la buluu la wanaume na jekundu la wanawake, na kuyahamisha kabla hatujafungua ni kazi ya Chizuru. Alhamisi alikuwa amezama kwenye ile riwaya ya mlinzi wa mnara wa taa, kurasa mia tisa. Akasahau. Akakumbuka jioni, hamamu imejaa pande zote mbili, na kwa uaminifu wake wa kazi akainuka, kitabu mkononi, akayahamisha, akarudi kukaa na mlinzi wake.

Waliokuwa ndani hawakuambiwa kitu. Waliokuja baadaye waliyaamini mapazia, kama nilivyowazoesha. Wa kwanza kuingia alikuwa Bi. Fusae Hirabe, mwenyekiti wa chama cha akina mama, na aliyemkuta amesimama mbele yake ni Mwalimu Kamiya, aliyemfundisha darasa la nne. Mwalimu alifanya alichotufundisha sote: aliinama kwa heshima. Kisha akajisitiri kwa kitabu alichokuwa nacho. Kwa bahati mbaya yeye hufuata mapendekezo yako ya mashairi, na kitabu cha mashairi ni chembamba. Laiti angekuwa anasoma hiyo ya kurasa mia tisa. Bi. Hirabe akasema, "Shikamoo, Mwalimu," maana angesema nini, naye akaitikia marahaba na kuulizia hali ya wajukuu.

Nilimkimbilia Chizuru kumweleza. Binti yetu alishaolewa huko Nagoya, lakini bado tunaitana Baba na Mama. Hakuinua macho. "Subiri kidogo, Baba," akasema. "Taa imezimika na meli inakuja."

6. Hii ndiyo iliyonifanya ninunue bahasha. Kila siku kabla ya kufungua, mimi na Chizuru tunasugua vigae, mimi upande wa wanaume, yeye upande wa wanawake, na ukuta wa katikati haufiki darini. Kwa miaka yote ananirushia habari za wanawake juu ya ukuta, nami namrushia za wanaume: nani kagombana na mkwe, nani kanunua meno mapya na hataki yasemwe. Wengine wana fungate, wengine wana safari za Hawaii. Sisi tuna ukuta huo. Siku hizi nikirusha neno, halirudi. Juzi nilimwambia kwamba nimeteleza nikavunjika mguu. Nilikuwa namjaribu tu. Ikaja sauti yake, tamu kabisa: "Vizuri, Baba." Halafu nikasikia ukurasa unageuzwa.

Maktaba imemwazima mke wangu, Bi. Sakaki, na siku ya kumrudisha imepita.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, kwamba toleo lijalo lipendekeze vitabu vibaya. Vya wastani havitoshi, Chizuru anavumilia vya wastani. Ninao mwongozo wa boila langu, uliotafsiriwa na mtu ambaye nadhani hakuwahi kuliona boila, na niko tayari kuutoa bure. Kama hilo haliwezekani, basi chini ya kila kitabu kizuri chapisha jinsi kinavyoisha. Na kama hilo nalo ni gumu, nitaomba baraza la mtaa liifute vuli yenyewe, tutoke kiangazi tuingie baridi moja kwa moja. Majani yapukutike kama yanataka, lakini pasiwe na mtu wa kusema ni msimu wa kusoma.

Nisalimie mama yako, wenzako wa maktaba, na yule bwana wa mashine ya kunakili ambaye hukoga na saa mkononi. Mwambie haijawahi kuniudhi.

Wako mchemsha maji, ambaye kwa sasa anasema peke yake,
Isao Nukaga

Nyongeza: Barua hii ilikaa mezani ikisubiri stempu, nami nikaenda kuwasha moto. Niliporudi, Chizuru alikuwa ameishika, riwaya yake imelala kifudifudi pembeni, na alikuwa anacheka mpaka amevua miwani. Leo asubuhi tukisugua, sauti ikaja juu ya ukuta: "Baba, hivi Mwalimu Kamiya alitokaje mle ndani?" Nikamhadithia, nikitia chumvi kidogo. Akasema, "Andika na hiyo."

Nimeandika, na inaendelea kurefuka. Kwa hiyo ombi langu la hapo juu liweke kando. Nataka kujua tu, mtu akitaka kitabu chake kiingie kwenye orodha ya vuli ijayo, anatakiwa kukileta lini, na je, ni lazima aseme mapema ni cha aina gani? Mimi bado sijui. Na jirani zangu kwenye ukurasa huo wawe vitabu vizuri, tafadhali, hadhi yangu sasa imo humo. Samahani kwa mwandiko, naharakisha. Mama ananiita kutoka upande wa pili, anasema kwenye hadithi nimemwacha Bi. Hirabe mlangoni tangu asubuhi.