Ombi la Kuinua Mabomba ya Ghorofa Kumi

Bydgoszcz, 11 Desemba

Ndugu Mwenyekiti wa Ushirika wa Nyumba,

Pokea heshima zangu. Mimi ni Zenobiusz Pietrucha wa ghorofa ya tatu, mwanachama mtiifu kwa miaka thelathini na moja. Naandika kwa uchungu, kwani mabomba yenu ya maji moto yamekataa kwenda na wakati.

1. Mwezi uliopita niliweka vigae vipya bafuni, kwa mikono yangu, juu ya vile alivyoweka baba mkwe juu ya vingine. Sakafu ikapanda sentimita nne. Kanuni yenu inataka radieta ya kupashia bafu joto kwa maji ya mabomba hayo ikae sentimita kumi juu ya sakafu. Nami, mtu wa kanuni, nikaing'oa ukutani na kuipandisha sentimita nne. Mabomba yenu hayakupanda hata sentimita moja, na sasa hayafikiani nayo.

2. Fundi Walenty alikuja, akakunja uso, akauliza swali ambalo kila fundi wa hapa huanza nalo: "Bwana wee, nani kakuharibia hivi?" Nikamjibu: Ushirika. Akanywa chai, akaenda zake.

3. Bafu ni barafu. Anayefurahi ni samaki wa mlo wa mkesha wa Krismasi tu, ambaye kwa desturi ya hapa hununuliwa hai, na sasa anaogelea kwenye hodhi letu la kuogea. Mke wangu Bogumiła alichukua taulo akaenda kuoga kwa dada yake. Leo siku ya tisa hajarudi. Namkumbuka sana, nasema bila haya.

4. Hivyo naomba mabomba yainuliwe sentimita nne. Kwa kuwa yanapita ghorofa zote kumi, kila jirani atainua sakafu yake, na paa litasogea kidogo. Juu nafasi ipo.

Nisalimie wajumbe wote, pamoja na yule mama wa ofisini anayenikatia simu.

Wenu baridini,
Z. Pietrucha

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Bogumiła amekuja kumwangalia samaki. Kaitazama radieta, kasema kwa jina langu la nyumbani, "Zenek, nani kakuharibia hivi?" Tukairudisha kwenye kulabu zake za zamani, ikakutana na mabomba sawasawa. Walenty kaibana kwa dakika kumi. Naomba majirani wasisumbuliwe. Mke wangu yumo bafuni, kajifungia, anaimba. Samaki yuko ndooni miguuni pangu, na mimi nimeambiwa nikaoge kwa shemeji.