Jike wa Manjano Juu ya Meza ya Cherehani

Jumatatu, 6 Machi
Mke wangu ametoa hukumu. Anataka meza yake. Ana sare arobaini za shule na anashona sakafuni, kapiga magoti, kwa sababu mezani limekaa tangi langu la samaki. Nikamwambia ufugaji unataka subira. Akanijibu kuwa amesubiri miezi minane. Tumekubaliana: vifaranga waonekane kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, la sivyo tangi linahamia kwa kaka yake. Kwa shemeji! Samaki wake huzaa hata asipowatazama. Afadhali nilivunje.

Jumanne, 7 Machi
Mayai! Mekundu, madogo, yamebandikwa ndani ya kichungu cha udongo nilichokilaza chini ya maji. Hamsini na kitu! Samaki wangu ni vibete, jamaa za perege, hawazidi kidole. Dume nimempa jina Bwana Mkubwa: buluu, mapezi marefu, mwendo wa mtu mwenye cheo. Jike ni jike tu. Nilipotangaza ofisini, mhasibu akauliza kama nitaomba likizo ya uzazi. Watu wa pale hawana elimu.

Jumatano, 8 Machi
Balaa. Jike amegeuka manjano mwili mzima. Mgonjwa! Tena amepata wazimu: anamfukuza Bwana Mkubwa, ambaye ni mara mbili yake, na amemchana pezi. Maskini kajibanza nyuma ya bomba la hewa. Ninamwelewa, jana nami nilikula jikoni peke yangu. Mke anadhani jike analinda mayai, eti nimuulize kaka yake. Nimuulize shemeji! Nimemtia jike kwenye ndoo, mayai nikamkabidhi baba yao, nikaenda kazini na moyo mweupe.

Alhamisi, 9 Machi
Maajabu. Jana nilirudi nikakuta jike yumo kwenye tangi, Bwana Mkubwa yumo kwenye ndoo. Nilimuuliza mke. Alikuwa na pini mdomoni, sikumwelewa. Nimewaza usiku kucha, na jibu ni moja tu: dume aliruka kwenda kumjulia hali mgonjwa, jike akashtuka akaruka kurudi. Mapenzi hayo! Mayai yamebaki ishirini na kitu. Bwana Mkubwa tumbo limemvimba. Huzuni ni kitu kibaya. Nimemwacha ndooni apumzike.

Jumatano, 15 Machi
VIFARANGA! Ishirini na mmoja. Wanaogelea kwa kundi nyuma ya jike, wadogo kama chawa. Kumbe dawa yangu ya kumtenga mgonjwa imefaa. Asubuhi nilimkuta mke anakamua kiini cha yai la kuchemsha kupitia kitambaa, anawalisha. Anasema alisikia mahali. Nilimwonya asiingilie mambo ya kitaalamu, lakini kwa upole.

Jumamosi, 18 Machi
Shemeji amekuja na ndoo mbili na taulo, uso wa mtu aliyekuja kubeba urithi. Akainama kwenye kioo. Akawahesabu vifaranga kwa kidole, nikafurahi kwa kila mmoja. Kisha akauliza nani alimtoa dume. Mke akaendelea kutunga uzi kwenye sindano.

“Shemeji,” kaka yake akaniambia, “baba yao angebaki siku moja zaidi, usingekuta hata mmoja. Aliyemtoa anawajua samaki.”

Nikamshukuru kwa kunisifu. Mke akasema makubaliano ni makubaliano, tangi libaki. Akarudi sakafuni, akajishika magoti kabla ya kuyapiga. Hapo niliona aibu, kweli niliiona. Ikapita.

Jumapili, 19 Machi
Nimetafakari. Watoto ishirini na mmoja wanalelewa na mama peke yake! Watakosa nidhamu. Na Bwana Mkubwa siku zote hizi yumo ndooni, ananitazama kama mtu aliyedhulumiwa. Shemeji alisema vile kwa wivu tu. Tena nitahitaji tangi la pili. Pale mke anaposhonea panatosha.

Mke ameenda kupeleka sare, atarudi jioni. Nimemrudisha Bwana Mkubwa nyumbani kwake. Laiti shemeji angekuwepo aone! Mama mtu anapigapiga mkia, hana shukrani, lakini baba amempita moja kwa moja hadi kwa wanawe, mdomo wazi kwa furaha. Machozi yamenitoka.

Anawabusu mmoja mmoja.